Neno Zito la Kumkatalia Mzungu wa Mawe

Kijiwe cha Majengo hakina paa wala kibao cha jina. Ni ubao mmoja uliong'olewa kwenye bodi la lori bovu, ukalazwa juu ya matofali ya kuchoma, ukatazamishwa barabara iendayo Tunduru. Mwezi wa sita, baridi ya Songea inapomtafuna mtu hadi visiginoni, ubao huo hujaa kabla kanisa halijajaa. Mbele yake linafuka jiko la Bakili, na juu ya jiko buli la kahawa ya Mbinga, ambayo wenyewe watakuapia kwamba ikifika Ulaya wafalme huisimamia kwanza ndipo huikalia kuinywa. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, miaka ile mawe ya thamani ya Tunduru yalipowatoa watu usingizini. Wageni wa kila rangi walipita hapo na vumbi lao, mikoba mapajani, na kijiwe kiliwapokea wote kwa macho na kuwasindikiza kwa maneno.

Asubuhi hiyo Polikarp alifika wa kwanza, akakaa ukingoni kabisa mwa ubao kama aliyekuja kuomba kazi. Alikuwa fundi cherehani, na pale kijiweni waliacha kumwita Polikarp zamani. Wao walimwita Hewala, kwa sababu hewala haigombi. Ukimwomba jembe, chukua. Ukimtaka akasimamie ndoa, yupo, na suti ya bwana harusi ameishona yeye, malipo tutaongea. Alikuwa ameshagonga hamsini na neno hapana halijawahi kumtoka mdomoni mbele ya mgeni. Usimcheke. Haukuwa woga, yalikuwa malezi.

— Nataka neno la Kiingereza, alisema, kahawa haijamiminwa hata. La kukataa. Lakini liwe zito.

Wenzake watatu walitazamana. Alikuwapo Chande, aliyeitwa Bibisi kwa kuwa alilala na redio sikioni. Alikuwapo Abasi Kamera, mwenye studio ya picha nyuma ya stendi. Na alikuwapo Osmund, Nusu Padri, aliyesomea upadri miaka mingi, kisha akaacha, akarudi Majengo na Kilatini chake chote na mke mmoja.

— Unamkatalia nani? aliuliza Chande.

— Mzungu wa Mawe.

Hapo shingo zote ziligeuka upande wa pili wa barabara. Pale ilisimama nyumba ya matofali aliyoijenga marehemu baba yake Hewala, na ndani yake mama mtu, Bibi Skolastika, mwenye miaka isiyoulizwa. Uani kulikuwa kumechomekwa vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Kimoja kilikuwa katikati ya tuta la matembele la bibi. Mzungu wa Mawe aliitaka nyumba hiyo aibomoe, ajenge ofisi ya kununulia mawe, maana kila basi litokalo Tunduru lilipita mlangoni.

— Kwani hukumkatalia? alisema Abasi. Tulijua umemkatalia.

— Nilimkatalia, mlongo wangu! Jumamosi. Nilimfungashia.

Kwa mtu wa mbali, hili linahitaji maelezo. Ukoo wa Hewala, wale wa Matogoro, haumwambii mgeni hapana usoni. Mgeni akija na jambo lisilowezekana analishwa vizuri, anaulizwa habari za kwake, halafu anafungashiwa zawadi kabla hajaaga. Mgeni anayefungashiwa akishaaga, hiyo ni heshima tu. Anayefungashiwa angali amekaa anaelewa papo hapo: jambo langu limekataliwa, mimi sijakataliwa. Anashukuru, anabeba jogoo wake na maharage yake, halirudii tena. Kwa njia hiyo ukoo ule umekataa wachumba, umekataa kuuza mashamba, na umekataa hata uenyekiti wa parokia, na hakuna mtu aliyetoka mlangoni kwao na kinyongo.

— Ikawaje? aliuliza Osmund.

— Alifurahi! Alimkumbatia jogoo utadhani amepewa mjukuu. Akanishika mkono, akaachia, akanishika tena. Jana akaleta vijana na vigingi.

— Na mkalimani wake, yule Saimon?

— Saimon? Nikisema tutaona, yeye anasema yes. Nikisema nitafikiria, yes. Nikikohoa, yes. Leo saa nne wanakuja na karatasi za kutia saini. Mama amesema nyumba ile atatoka amebebwa. Tangu jana jioni hajanisemesha.

Alilisema hilo la mwisho akitazama chini, na kijiwe kikaelewa kwamba leo si siku ya masihara. Kikaelewa, halafu kikaendelea na masihara, maana ndiyo kazi yake.

— Mwambie no, alisema Abasi. Umemaliza.

— No! Chande aliruka. Bwana wee, no kwa yule mzungu ni hodi! Kule Tunduru kila mwenye jiwe anamwambia no, naye anaongeza bei. No, anaongeza. No, anaongeza. Ukimwambia no atajua sasa biashara imeanza.

— Kweli, alisema Hewala kwa huzuni. Ndiyo maana nataka zito.

— No haiwezi kuwa nzito, aliendelea Chande, kwa sababu ilitungwa kwenye baridi. Uingereza ukifungua mdomo kwa muda mrefu ulimi unaganda. Sasa mtu anakuja kukuomba kitu, theluji hii hapa, utamkataliaje kirefu? Unasema no, unafunga mdomo. Never wanaitumia kiangazi.

— Acha kamba!

— Nimesikia redioni!

— Redio ilisema hivyo?

— Redio ilisema kuna baridi. Mengine nimejazia. Haba na haba hujaza kibaba.

Bakili alimimina, vikombe vikapita mkono kwa mkono. Abasi Kamera alipuliza chake, akajiweka sawa kama mtu anayejipiga picha mwenyewe.

— Neno ni negative, alisema. Na hilo, waungwana, limezaliwa studio. Msinibishie kwenye kazi yangu. Mzungu wa kwanza kupigwa picha duniani alikuwa tajiri, mwenye majivuno. Akaonyeshwa filamu kabla haijasafishwa karatasini. Anajitazama: uso mweusi tititi, nywele nyeupe, meno meusi. Akapiga ukelele, huyu si mimi! Akakataa kulipa. Tangu siku hiyo Wazungu wote, kukataa kwao ni negative.

— Kwa hiyo alikataa kuwa kama sisi? aliuliza Bakili.

— Alikataa bila kujua amependeza, alisema Abasi, na ubao mzima ukatikisika kwa kicheko.

Hewala naye alicheka, kisha akatazama barabara. Jua lilikuwa limeshaanza kupanda.

Osmund Nusu Padri hakucheka. Alikuwa akingoja zamu yake kwa subira ile ya seminari, na alipoona kicheko kimetulia aliinua kidole.

— Antequam gallus cantet, ter me negabis.

— Haya, misa imeanza, alisema Chande.

— Kabla jogoo hajawika utanikana mara tatu. Bwana anamwambia Petro. Negabis! Hilo negare ndilo baba yao. Hiyo negative yako, Abasi, haikuzaliwa studio, ilizaliwa Roma. Wafaransa wakaichukua, wakaitafuna wanavyotafunaga maneno, ikatoka deny. Waingereza wakaipokea kwa Wafaransa ikiwa bado na mate.

— Ngoja, alisema Chande. Deny si la Waingereza?

— La kupokea.

— Na refuse?

— Kwa Wafaransa.

— Na lile la kwenye barua, decline?

— Roma, kwa njia ileile. Declina a malo, zaburi hiyo. Jiepushe na uovu.

Chande Bibisi alisimama. Alikuwa mtu mfupi, lakini habari hiyo ilimrefusha.

— Yaani taifa zima! Lina meli, lina reli, lina malkia, limetutawala hapa na kofia zake, kumbe hata kukataa limekopa?

— No ni yao wenyewe, alisema Osmund, maana alikuwa mtu wa haki.

— Moja! Na hiyo moja imefupishwa na baridi! Sisi je? Hesabuni! Kukataa. Kukana. Kugoma. Kunyima. Kususa!

— Mwingereza anaweza kususa? aliuliza Abasi.

— Hawezi! Hana neno. Akinuniwa na mkewe chakula kikapoa mezani, hajui hata tendo hilo linaitwaje!

— Ng'o! alisema Bakili kwa raha.

— Hiyo! Ng'o! Mpe Mwingereza aseme ng'o, meno yatamtoka!

— Thubutu!

— Thubutu nayo! Eti wapi! Labda nife! Nchi hii ina ghala la kukataa, ndugu zangu, na Tanzania nzima ghala kuu liko Songea!

Vifua vilivimba ubaoni pale. Wapita njia wangedhani timu ya Majimaji imeshinda ugenini. Hata Hewala alijikuta amenyooka mgongo, jambo ambalo mafundi cherehani hulisahau wakishazeeka.

— Tatizo ni ruksa, alisema Bakili, akichochea mkaa. Enzi za foleni kila muuza duka alikuwa profesa wa kukataa. Sukari? Hakuna. Sabuni? Hakuna. Khanga? Hakuna, na usirudi. Ulikuwa unakataliwa mpaka unashiba. Sasa kila kitu kipo, watu wamesahau. Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, basi tuwe wakaidi, na Idi itafika.

— Methali hiyo haisemi hivyo, alisema Osmund.

— Kwenu labda. Sisi wenye Idi ndio tunaijua.

Abasi alikuwa amekunja uso, anafikiri. Ghafla akapiga goti.

— Jogoo! Hewala, ulimpa jogoo wa wapi?

— Wa shamba. Ametoka kwa binamu yangu.

— Umeona? Jogoo la shamba haliwiki mjini! Ungempa la hapa Majengo angeelewa.

— Hapana, hapana, alisema Osmund, na sasa hata yeye alianza kupotea njia, maana kijiwe humchukua kila mtu mwishowe. Hata la shamba lilitosha. Yule si Mkristo? Msalaba si anao shingoni? Petro alimkana Bwana, nani akawika? Jogoo! Jogoo ndiye shahidi wa kukana tangu siku ile. Mkristo apewe jogoo, asijue kwamba anakanwa? Huyo alisoma katekisimu gani? Hewala, mwambie deny. Deny na jogoo vinakwenda pamoja. Kimaandiko umeshamaliza.

Kijiwe kilishangilia. Ilikuwa nadharia nzuri kuliko zote, yenye Roma na kuku ndani yake. Lakini Hewala aliweka kikombe chini.

— Deny siitaki, alisema.

— Kwa nini?

— Petro alikana kilicho chake. Alisema simjui. Mimi nyumba ile naijua. Najua tofali gani mama alilibeba akiwa na mimba yangu. Mimi siikani. Nakataa kuiuza, kwa sababu ni yetu.

Osmund alikubali kwa kichwa, polepole, kama aliyesahihishwa na askofu.

— Basi decline, alisema kwa upole. Ni neno la heshima, litakufaa wewe. Maana yake hasa ni kuinama pembeni. Jambo linakujia, unainama kidogo, linapita.

— Mimi nimeinama vya kutosha, Osmund. Juu ya cherehani nimeinama, kwa wateja nimeinama. Siku hii moja sitaki neno la kuinama.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Chande, saa nne inakaribia. Mpe yote! Ayatoe kwa mpigo, moja likikosa lingine linapata.

Ikakubaliwa. Wakamsimamisha Hewala mbele ya jiko, wakamfundisha kama mtoto wa komunyo ya kwanza: I refuse, I deny, I decline, negative, never, no. Akakosea. Akaanza upya. Akaipata hadi negative, never ikamponyoka. Jasho lilimtoka baridini. Chande alimtaka apige chini mguu wa kulia kwenye refuse, Abasi alimtaka asitabasamu, maana Hewala hata akikataa meno yalikuwa nje.

— Kumbuka uko Songea! Chande alimpigia kelele. Mji huu babu zetu walimkatalia Mjerumani na bunduki zake! Wakanyongwa bado wanakataa!

— Samahani, wakubwa.

Aliyesema alikuwa abiria, mkulima wa Namasakata, aliyekuwa amekalia gunia lake la korosho akingoja basi. Walikuwa wamemsahau. Kikombe chake kilikuwa kitupu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua tu.

— Hao babu zenu, aliuliza, walimkatalia Mjerumani kwa Kijerumani?

Chande alimwomba Bakili kahawa. Osmund alitafuta kwenye Kilatini chake chote, toka zaburi hadi litania, hakukuta kitu. Ndipo gari la Mzungu wa Mawe lilipokata kona, likasimama, vumbi likashuka kahawani.

Alishuka mzungu mwenyewe, mrefu, mwekundu wa jua, akisema jambo, jambo, kwa kila mtu. Nyuma yake akashuka Saimon na mkoba wa karatasi. Hewala alimgeukia. Alilitafuta lile la kwanza, akalikosa. Akalitafuta la pili. Roma ilikuwa imekwenda, Ufaransa imekwenda. Alichokiona mbele yake ni kigingi katikati ya matembele ya mama yake.

— Hapana, alisema.

Saimon alikwisha kufungua mdomo wake wa yes.

— Nyamaza kidogo, mwanangu, Hewala alimwambia. Namwambia yeye. Hapana, bwana. Nyumba ya mama siuzi.

Mzungu alimgeukia Saimon, wakanong'ona.

— Anasema ataongeza, alisema Saimon.

— Hapana.

— Anasema ataongeza sana, mzee, hujawahi kuona.

— Hapana, baba. Hata aongeze mpaka Tunduru iishiwe mawe.

Hakupaza sauti. Hakupiga mguu chini. Alisimama tu, mikono ikining'inia, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, mbele ya mgeni, Hewala hakutabasamu. Ndani yake kulikuwa na kitu kitamu, na alikitambua: alikuwa anajivuna. Mzungu alimtazama usoni muda mrefu, anavyotazama jiwe juani kutafuta ufa, na hakuhitaji tafsiri. Aliyekuja nchi hii kununua, hapana ni neno analojifunza siku ya kwanza.

— Hapana, alirudia mzungu taratibu. Sawa. Lakini... kuku? Kuku ya nini?

Mabingwa wa maneno ubaoni walianza kusukumana kwa viwiko. Nani angeanza kumweleza, na aanzie Matogoro au kwa Petro?

— Kuku ni wako, alisema Hewala. Hapana ni ya nyumba.

Mzungu aliligeuza hilo kichwani. Kisha akavua kofia, akampa Hewala mkono, safari hii mara moja tu, akasema kuku alikuwa mtamu. Aliwaita vijana wake wawili waliokuwa nyuma ya gari, wakavuka barabara kwenda kung'oa vigingi, na Saimon akawafuata na mkoba wake, amenuna. Gari lilipoondoka kijiwe kililipuka. Chande alisema hiyo ilikuwa never yake, imetafsiriwa tu. Abasi alisema sura ile, bila meno, alimfundisha yeye. Osmund alisema hayo yote yamo katika Injili.

Hawakumwona Bibi Skolastika anavuka barabara na fimbo yake hadi alipokuwa juu yao.

— Shikamoo, mama! walisema wote.

— Marahaba. Nani amemwambia yule mtu?

Waliokuwa na majibu toka Roma hadi Ufaransa wote walimwonyesha Hewala kwa kidevu.

— Mimi, mama, alisema Hewala.

— Wewe, Polikarp?

— Mimi.

— Kwa mdomo?

— Kwa mdomo, mama. Nimemwambia hapana.

Bibi alimkagua juu hadi chini, kama nguo aliyoletewa kujaribu. Hewala alimngoja, mtu mzima wa miaka hamsini, machozi yamemfika ukingoni, na hakuyafuta.

— Ni sauti ya baba yako hiyo, alisema bibi. Nimeisikia mpaka jikoni. Halafu akamgeukia Bakili: nimiminie.

— Kahawa imekwisha, mama, alisema Bakili, akilipindua buli.

— Basi chemsha nyingine.

Kwa ncha ya fimbo alimsogeza Abasi goti, akamsogeza Chande, akakaa katikati ya ubao, uso umeelekea nyumbani kwake. Mwanamke alikuwa hajawahi kukaa pale, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia hapana.